Mashine ya Kukutosha

Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo, na kazi yako ya kukagua lifti inaendelea vizuri. Mimi sijambo. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na mtandao ukikatika unajifanya ulinisikia. Kwa hiyo jambo hili nimeamua kukuandikia, nawe unijibu kwa maandishi, nibaki na ushahidi.

Ile mashine yangu ya kusukuma ya kukatia nyasi imekufa. Ilijigonga kwenye jiwe pale mteremkoni, mpini ukapinda, na fundi aliitazama mara moja tu akatingisha kichwa. Sitaki nyingine ya kusukuma. Uwanja wangu unaufahamu: unaanzia baraza ya nyuma mpaka ukingo wa barabara, na ule mteremko uko katikati. Nikianza kukata juu, nikifika chini, kule juu zimeshaota tena. Nataka trekta ndogo ya bustani, ya kukalia, yenye kiti na usukani kama gari.

Dukani ziko mbili. Ya kwanza ni nyepesi, ina rangi nzuri sana, na ile sahani ya chuma inayofunika visu ni nyembamba mno. Niliigonga kwa kidole ikalia kama sufuria tupu. Ya pili ni nzito. Sahani yake imeungwa kwa chuma kinene, ekseli ya mbele ni chuma kizito cha kumiminwa, injini ina silinda mbili, na gia zake zinaendeshwa kwa mafuta, hazina klachi ya kunisumbua mguu. Muuzaji anasema ya kwanza itanitumikia miaka michache, na ya pili ikitunzwa itafika hata ishirini. Lakini muuzaji ni muuzaji. Wewe unajua chuma kinachochoka na kisichochoka, ndiyo kazi inayokulisha. Nichagulie.

Mama yako


Tarehe 14 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mkwe wako anakusalimu sana.

Barua yako nimeipata na nimeifikiria. Kwa maoni yangu achana na ile ya pili. Hiyo ni ya watu wenye viwanja vya mpira na mahoteli. Chuma chote hicho utakipeleka wapi? Ile ya kwanza, nyepesi, ndiyo mashine ya kukutosha.

Hata hivyo usikimbilie kununua. Ili tusikosee ukubwa, nitamtuma jamaa mmoja aje apime uwanja, tujue upana wa visu unaohitajika. Ni mtu mstaarabu. Mfungulie geti, umwache afanye kazi yake, usimhoji kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nakuomba ujitunze. Usibebe vitu vizito, upumzike, na nyasi ziache ziote kidogo, haziumi mtu.

Mwanao mtiifu


Tarehe 23 Machi

Mwanangu mtiifu,

Marahaba.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama mama na mara ya pili kama mwalimu wa lugha, na hiyo mara ya pili ndipo damu iliponipanda. "Mashine ya kukutosha." Kiatu kinatosha mguu. Chumvi inatosha mchuzi. Ungeandika kwamba mashine inautosha uwanja ningekuelewa, maana uwanja una upana na urefu. Lakini hukuandika kuutosha. Umeandika kukutosha, na anayetoshwa hapo ni mimi. Mimi mwilini sina nyasi. Nilichonacho ni miaka. Nilikuuliza kati ya mashine ya miaka michache na ya miaka ishirini, ukanijibu kwamba ya miaka michache inanitosha. Nina miaka sabini na miwili, na sikujua kwamba umeshanifungia hesabu.

Sasa tuje kwa huyo jamaa yako mstaarabu. Alikuja Alhamisi, viatu vinang'aa, mkononi kifaa cha kupimia chenye taa nyekundu. Nilimkaribisha, nikampa maji ya kunywa. Uwanja aliupima harakaharaka kama mtu anayekimbia mvua. Kisha akaomba kuingia ndani. Akapima sebule. Akapima jikoni. Akapima chumba changu cha kulala, urefu na upana, akauliza paa liliezekwa lini na kama maji ya bomba yanafika bafuni kwa nguvu. Nikamwuliza nyasi za chumbani kwangu ameziona zimefika urefu gani. Akaangalia viatu vyake.

Marehemu baba yako naye alikuwa mpimaji. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale nyuma, mstari mmoja mpaka barabarani, na choo cha pamoja mwishoni. Kila mwaka alinyoosha kamba, na kila mwaka niliving'oa vigingi vyake nikavitia jikoni kuwashia moto. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani tunacheza. Hatukuwa tunacheza. Tulilala kitanda kimoja tukiwa tumegeuziana migongo kwa sababu ya uwanja huo. Katika ndoa yote ile, ndicho kitu pekee nilichokipata kama nilivyokitaka. Wewe ni mwanamume wa pili kuja kunipimia uwanja wangu, na wa kwanza angalau alikuja mwenyewe.

Nijibu bila kuzunguka. Huko kutosha kwako ni kwa ukubwa, au kwa miaka?

Mama yako


Tarehe 1 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Umenikasirikia bure. Nilimaanisha ukubwa. Kukutosha ni neno tu, watu wanalisema kila siku bila kufikishwa mahakamani. Mtu aliyeondoka darasani zamani hawezi kuandika kila kiambishi kama yuko kwenye mtihani, hasa akiandika wakati wa mapumziko ya mchana, amekaa juu ya ndoo ndani ya chumba cha mitambo.

Mpimaji alizidisha bidii, na nimemsema. Watu wa kazi ile wakishaanza kupima hawajui pa kuachia.

Lakini kwa kuwa umenifungulia mlango, acha niingie. Hiyo trekta tuiweke kando kwanza. Nyumba yenyewe ni kubwa kwa mtu mmoja. Una vyumba vinne na unalala kimoja, hivyo vingine unavifagia tu. Huku kwetu chumba chako kipo, mkwe wako amekipaka rangi. Tuko ghorofa ya nane, lakini lifti niliikagua mwenyewe, haina tatizo. Dirishani unaona mji mzima. Hakuna nyasi za kukusumbua, hakuna geti la kufunga, hakuna fundi wa kumsubiri. Sikulazimishi, nakuomba ufikirie tu.

Wakati unafikiria, pumzisha huo mkono, na zile dawa za maumivu usizimeze kabla hujala.

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Mkono gani?

Nimekumbuka kila nilichokuandikia tangu mwezi wa tatu, na hakuna mahali nilipotaja mkono wala dawa. Mwandiko wangu haukubadilika, kwa sababu uliovunjika ni wa kushoto. Kwa hiyo mtu amekuambia, na mtu huyo namjua, ni jirani yangu mwenye kuku. Aliniona natoka hospitali mkono umening'inia shingoni, akaniapia kwamba hatafungua mdomo. Sasa anapita ukutani kwangu akijifanya anatafuta mayai, maana ameshaona nimenuna.

Basi umejua siku zote hizi. Umejua, ukanyamaza, ukaniandikia habari za upana wa visu. Utasema nami nilikuficha, na sikatai. Lakini mimi nilificha mkono wangu. Wewe umeficha nyumba yangu.

Maana sijakueleza ya Jumapili. Walipiga hodi mume na mke. Watu wazuri, wenye adabu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba sikupata hata sababu ya kuwafukuza. Nikadhani ni wageni wa jirani wamepotea, nikawakaribisha. Mke akaniuliza jua la asubuhi linaingia chumba kipi. Mume akasimama barazani, akautazama uwanja wangu, akasema hapo wakimwaga zege yataingia magari sita. Mkononi alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, yenye vipimo vya chumba ninacholala. Wao walidhani mimi najua. Nilibaki nimesimama na kikombe cha mgeni mkononi, nikiwa sijui nimpe au nimmwagie.

Hati ya nyumba hii ina jina langu. Wewe huwezi kuuza hapa hata kitasa cha mlango. Ulikuwa unangoja nini? Nichoke? Niletewe kalamu na kuambiwa nitie sahihi hapa na hapa, kama mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa? Niliwahi kuongoza shule yenye watoto zaidi ya elfu moja, na walimu waliokuwa wakinichukia hawakuthubutu kunipangia mambo kwa mlango wa nyuma. Umethubutu wewe, niliyekufundisha kusoma.

Nakuuliza mara ya pili, na safari hii nakuuliza kama ninavyomwuliza mwanafunzi aliyesimama mbele ya wenzake. Ukubwa, au miaka? Nijibu kwa neno moja.

Mwalimu Mkuu, mstaafu


Tarehe 17 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Miaka.

Umelipata neno lako. Sasa na mimi unisikilize bila kunisahihisha, kwa sababu si wewe peke yako uliyekasirika.

Siku ile ulipoanguka, ulitoka kukata nyasi kabla jua halijawa kali, kama kawaida yako. Muuza maziwa anapita kwako karibu na adhuhuri. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi sana kichwani. Ulilala pale mkono umevunjika, na ile mashine ya zamani isiyozimika mtu akiiachia ikanguruma karibu yako mpaka mafuta yakaisha. Muuza maziwa asingelichungulia getini, sijui leo ningekuwa namwandikia nani.

Mimi kazi yangu ni kukagua kamba za lifti ili watu nisiowajua wasianguke. Nafanya hivyo kila siku, kwa tochi, kamba kwa kamba. Halafu napigiwa simu nikiwa kazini, tena na jirani mwenye kuku, si na wewe, naambiwa mama yangu alilala kwenye nyasi asubuhi nzima. Nikangoja uniambie mwenyewe. Nikapokea barua kwamba mpini umepinda. Mpini, Mama. Ukurasa mzima wa ekseli na silinda, na mfupa wako haukupata hata mstari mmoja.

Ndiyo, nilimleta mpimaji. Nilitaka kujua thamani ya nyumba kabla ya kukuambia, ili nije na jambo lililokamilika, kwa sababu ukipewa jambo nusu unalirarua. Wale mume na mke sikuwatuma mimi, mpimaji aliwapa habari bila ruhusa yangu. Nimemgombeza. Najua hilo halinitakasi, maana asingekuwa na habari ya kuwapa kama nisingemwita.

Niliposoma kwamba unatafuta mashine ya miaka ishirini, nilicheka kwa hasira. Nikasema, huyu ananiuliza chuma gani hakivunjiki, na yeye mwenyewe amefungwa plasta. Niliandika kukutosha kwa sababu ninachokiogopa sikuweza kukiandika. Hata sasa siwezi.

Usinunue chochote. Nitakuja mwezi wa sita tuzungumze.

Mwanao


Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Kwa mara ya kwanza umeniandikia barua. Zile nyingine zilikuwa za ofisini. Lile neno moja nimeliwekea alama ya vema, ingawa limenichoma.

Barua yako inayosema nisinunue chochote niliisoma mpaka mwisho, nikaikunja, nikaenda kununua. Nimechukua ya pili, ile nzito. Nimelipa kwa kiinua mgongo changu. Mgongo wenyewe ni wangu, umechoka kusukuma, na nimeona sasa uinuliwe kwa kukalishwa kitini.

Usidhani nimekwenda kichwakichwa. Nilimwambia muuzaji aje aone mteremko kabla hajanipa funguo. Akautembea wote, akasema ule upande wa mashariki ni mkali mno, trekta itapinduka na kunilalia. Nimemkubalia. Pale sitakata tena, majani yaote yatakavyo. Kwingine nakwenda moja kwa moja, kupanda na kushuka, siukatizi mteremko kwa ubavu. Unaona kwamba nikielezwa na mtu anayenitazama usoni, nasikia.

Sasa nikuambie siku ile ilivyokuwa, maana umeijenga kichwani peke yako na sijui umeifikisha wapi. Nilianguka. Mkono uliniuma mpaka nikalia kwa sauti. Nilimwita marehemu baba yako, kisha nikakasirika kwa kumwita, kwa sababu yeye ndiye angesema aliniambia. Niliogopa, sitakudanganya. Lakini hofu haidumu asubuhi nzima, mtu anaichoka. Shavu langu likiwa pale chini niliuona uwanja kwa namna ambayo sijawahi kuuona. Nilikuwa nikiukata vibaya, mwanangu. Huku nyasi fupi, huku ndefu, mawimbi mawimbi, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mwenzake. Nikachukia. Hapo ndipo nilipoamua habari ya trekta, nikiwa bado nimelala. Wewe ulipokuwa ukiniona nakufa, mimi nilikuwa nachagua mashine.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaanguka tena. Naweza kuanguka hata huko kwako, kwenye vigae vya bafuni, ghorofa ya nane, na lifti yako nzima kabisa. Tofauti ni kwamba huko nitaanguka nikiwa mgeni. Nitaamka kwenye chumba kilichopakwa rangi aliyoichagua mkwe wangu, nitauliza kabla ya kusogeza kiti, na mji mzima nitautazama kwa dirisha bila kuwa na mahali pa kukanyaga. Mkwe wangu ni mtu mwema na nampenda. Mwambie rangi ameichagua vizuri, nina hakika. Kuishi humo sitaki.

Wale mume na mke walirudi Jumamosi wakiwa na fundi wao wa zege. Walinikuta juu ya kiti, injini inawaka, nimevaa kofia. Nikazima, nikawaambia nyumba hii haiuzwi na haijawahi kuuzwa. Mke akaomba radhi vizuri sana. Mume akauliza kama trekta ninaiuza.

Mimi bado nimekasirika. Nakuarifu tu, usije mwezi wa sita ukidhani yamekwisha. Ukitaka kuogopa, ogopa, wewe ni mwanangu na hiyo ni haki yako. Lakini usichukue hofu yako ukaniletea kama kipimo, ukanikatia miaka kama kitambaa, kisha ukaniita mkaidi nikikataa kuivaa. Mimi sijui nimebakiwa na mingapi. Hata wewe hujui. Kilichoniudhi ni kwamba kati yetu wawili, aliyekadiria ni wewe, na ulikadiria michache.

Mama yako


Tarehe 8 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nilimsomea mkwe wako. Yeye alicheka pale pa mume kutaka trekta. Mimi nilicheka kesho yake, nikiwa juu ya lifti, na mwenzangu akauliza kama niko sawa. Nami bado nimekasirika, na ungenidharau kama ningeacha mapema hivyo. Ungeweza kuniambia kuhusu mkono. Hilo sijalimeza.

Mpimaji nimemwambia kazi imekwisha na asilete mtu tena kwako. Mwezi wa sita nakuja vilevile. Sitakuja na karatasi.

Sasa mambo ya mashine, kwa sababu uliniuliza na sikukujibu kama fundi. Chini ya kiti pana swichi. Ukiinuka visu vikiwa vinazunguka, injini inatakiwa ijizime yenyewe. Ijaribu mahali pa tambarare, tena leo. Isipozima, usiipande tena mpaka ibadilishwe. Na fundi yeyote akikuambia aifunge swichi hiyo kwa waya ili isikusumbue, mwonyeshe geti.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Kwenye mashine ile uliyochukua, kinachochoka mapema si chuma, ni mkanda unaozungusha visu. Nilimpigia muuzaji wako, akasema mkanda mmoja ukitunzwa unakwenda kama miaka mitatu. Nimekutumia saba. Najua mpira unakauka ukiwekwa muda mrefu, usinisahihishe. Iweke stoo, mahali pakavu, mbali na jua.

Ikiisha, niandikie nikuletee mingine.

Mwanao